"Inasemekana" na Kuzama kwa MV Bukoba

Katika insha za wanafunzi wetu wa Arua na Koboko kuhusu MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, tumekutana na "inasemekana" karibu kila aya. Inasemekana meli ilihujumiwa kwa kuwa Abu Ubaidah al-Banshiri wa al-Qaeda alikuwemo. Kuwemo alikuwemo, akafa maji. Lakini kauli ya kutendeka humficha msemaji: nani kasema? Abiria walizidi mno uwezo wa meli; ilipopinduka, waokoaji wakalitoboa tumbo lake, hewa ikatoka, ikazama. Hayo yana mashahidi. Nasi walimu, mahodari wa kusahihisha ngeli, tuliipitisha "inasemekana" bila hata nukta ya wino mwekundu.