Viunganishi Jozi vya Kiingereza na Kanuni Zinazoviongoza

Viunganishi jozi ni maneno mawili yanayotumika pamoja katika sentensi moja, la kwanza likifungua muundo na la pili likiukamilisha, na katika Kiingereza sanifu kila neno la kwanza lina mwenzake maalumu. "Either" huandamana na "or", "neither" na "nor", "both" na "and". Kwa hiyo anayeandika "both" kisha akamalizia na "as well as" huwa ameuvunja muundo, hata kama maana inaeleweka.

Mkanganyiko mkubwa zaidi hutokea kati ya "no sooner" na "hardly", kwa kuwa zote hueleza kwamba tukio la pili lilifuata la kwanza papo hapo. Hata hivyo, "sooner" ni umbo la ulinganishi, yaani umbo linalopima jambo moja kwa jingine, na umbo la namna hiyo hudai "than", ilhali "hardly" na "scarcely" hufuatwa na kishazi cha wakati kinachoanza na "when". Sentensi sahihi basi ni "No sooner had the bell rung than the pupils ran out" na "Hardly had the bell rung when the pupils ran out". Katika zote mbili kitenzi kisaidizi "had" kimekitangulia kiima "the bell", kwa sababu kielezi chenye maana ya ukanushi kimewekwa mwanzoni mwa sentensi.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mtego mwingine ni "although", kwani aliyezoea kusema "ingawa alichelewa, lakini alifaulu" huongeza "but" pasipohitajika. Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja: "Although he was late, he passed".

Pamoja na uteuzi wa jozi, upo ulinganifu, yaani sharti kwamba kinachofuata neno la kwanza kiwe cha aina moja na kinachofuata la pili. "She not only speaks Swahili but also Arabic" ina kasoro, kwa kuwa upande mmoja una kitenzi na mwingine nomino pekee. Ikiandikwa "She speaks not only Swahili but also Arabic", nomino hukabiliana na nomino.

Kwa hiyo walimu wazifundishe jozi hizi ndani ya sentensi kamili, kwa sababu orodha ya maneno iliyokaririwa haimwonyeshi mwanafunzi mahali pa kuyaweka.