Wanaoiona Karatasi Kabla ya Wino

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, ni nadra siku hizi kuhudhuria mazishi yasiyo na kijitabu. Jaladani huwa na picha ya marehemu na tarehe mbili chini yake. Ndani mna ratiba ya ibada, wasifu, salamu za watoto na wajukuu, na kurasa za picha za familia. Waombolezaji hukisoma wakati wa ibada, kisha wanaondoka nacho, na wapo wanaokihifadhi pamoja na hati za shamba. Kwa wazee wengi wa huku, hicho ndicho kitabu pekee kitakachowahi kuandikwa juu yao. Kinatengenezwa kwa siku mbili tatu katika duka dogo lenye kompyuta na printa, na mtu ambaye jina lake halimo katika ukurasa wowote. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Ugumu wa kazi yake unaanzia kwenye vipimo. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na nukta 72 katika kila inchi ya skrini, na pointi ya mpangaji herufi nayo ni sehemu moja ya 72 ya inchi, hivyo herufi uliyoiona ilikuwa sawa kwa ukubwa na ile iliyotoka kwenye karatasi. Windows ikachagua 96. Leo kila skrini ina idadi yake, na printa ina yake, kwa kawaida 300, 600 au zaidi. Chukua picha yenye upana wa pikseli 600. Kwenye skrini ya nukta 96 inatanda inchi sita na kitu, inang'aa, na mwenye picha anaridhika. Kwenye karatasi, kwa nukta 300 kwa inchi, picha hiyohiyo inatosha sentimita tano tu. Ukiivuta ijaze jalada la A5, lenye upana wa milimita 148, kila inchi inabaki na pikseli mia moja hivi, na shavu la mzee linatoka vipandevipande kama ngazi.

Fundi mzuri huyaona hayo kabla hajabonyeza chochote. Nimemtazama mmoja akifanya kazi Karatina. Mteja, mama mwenye huzuni na haraka, alimpa simu yenye picha iliyopita mikono ya binamu kadhaa kwenye WhatsApp, ambayo huibana picha kabla ya kuituma. Fundi aliikuza mara moja, akaitazama kwenye pembe za macho ya marehemu.

"Mama, pole sana. Hii ilitoka wapi? Ile yenyewe ya karatasi iko?"

"Iko kwa albamu, nyumbani kwa cucu," alijibu, akimtaja bibi kwa Kikuyu.

"Basi tuma mtu ailete. Mimi nitangoja, hata jioni."

Sentensi hiyo ya mwisho naihesabu kuwa sehemu ya ufundi. Ingekuwa rahisi kwake kuichapa ile ya simu, kupokea pesa na kuwaachia wafiwa ukungu. Picha ilipofika ilikuwa ya pasipoti, milimita 35 kwa upana. Ukiiskani kwa 300 utaichapa kwa ukubwa uleule tu. Kwa 600 itabeba mara mbili. Kwa 1200 inakaribia upana wa jalada. Kupita hapo huongezi uso, unaongeza chembe za karatasi. Kuna familia ambazo picha yao pekee imo katika kijitabu cha mazishi ya mwingine, na hiyo tayari ni vitone vya wino. Ukiiskani vivi hivi inajaa mawimbi. Fundi huilaza kidogo upande kwenye kioo, huiskani kwa nukta nyingi, hulainisha, ndipo anaipunguza.

Kisha kuna rangi. Skrini inatoa mwanga, karatasi inausubiri mwanga wa dirishani. Kijani cha majani ya chai kinachowaka kwenye kompyuta hufifia kikichanganywa kwa wino. Hilo mtu anaweza kulivumilia. Lisilovumilika ni uso wa mtu mweusi unaopendeza kwenye skrini kisha unatoka kwenye printa ukiwa giza tupu, macho na mdomo vimezama. Fundi anayejua printa yake huinua mwanga wa uso peke yake, anaiacha suti na usuli vilivyo. Kwenye skrini picha inaonekana imepauka mno, naye haijali skrini.

Maandishi nayo yana hila zake. Wasifu umeandikwa Nairobi katika Word, kwa fonti ambayo dukani haipo na kwa printa nyingine. Ukifunguliwa hapa, mistari inasogea na kurasa nane zinakuwa tisa. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa ina kurasa nne, kwa hiyo ukurasa wa tisa unadai karatasi nzima mpya na kuacha kurasa tatu tupu. PDF, iliyozinduliwa mwaka 1993, huzuia balaa hilo iwapo fonti zimefungwa ndani yake. Zisipofungwa, herufi ĩ na ũ za Kikuyu zinaweza kugeuka visanduku, na majina ya Wanjirũ na Mũthoni yakaharibika mbele ya ukoo mzima.

Herufi hizo zina heshima yake katika eneo hili. Wamisionari wa Consolata walianzisha gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, mwaka 1916. Huko Karatina, Gakaara wa Wanjau, aliyefungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, aliendesha kiwanda chake cha uchapaji na kuchapa vitabu na jarida kwa Kikuyu. Mwaka 1984 shajara yake ya kizuizini ilimpatia Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Anayehangaika leo kulirudishia jina la Wanjirũ alama yake yuko katika kazi ileile.

Kabla ya nakala mia tatu, hutoka moja. Fundi huipeleka mlangoni aitazame kwa mwanga wa nje, kisha huwapa wafiwa wasome majina, kwa sababu mjukuu aliyesahaulika huonekana kwenye karatasi hata kama watu watano walimpita kwenye skrini. Orodha ya bei ukutani inataja ukurasa wa rangi, ukurasa mweusi na kuskani. Kuipanga picha, kuisubiri ile ya albamu na kuisoma nakala ya kwanza havimo, na wateja hubishania bei kana kwamba wananunua wino tu. Saa hizo ziandikwe ukutani kwa bei yake, nasi tuzilipe.