Kuifungua Mia

Udongo una mchanga asilimia 60, tope laini 30 na mfinyanzi 10. Mia imetimia, na shida inaanzia hapo hapo: asilimia ya mchanga ikipanda, nyingine lazima zishuke, hata kama hakuna aliyegusa tope wala mfinyanzi. Karl Pearson alionya mwaka 1897 kwamba namba zilizogawanywa kwa kigawanyo kimoja huzua uhusiano usiokuwepo. Onyo lilikaa miaka mingi bila dawa ya kutosha.

Dawa aliileta John Aitchison, Mskoti aliyekuwa akifundisha Hong Kong, kwa makala ya 1982 na kitabu cha 1986. Uchekeche mchanga wote utoke, kisha upime upya: tope asilimia 75, mfinyanzi 25. Asilimia zimehama, lakini tope bado ni mara tatu ya mfinyanzi. Basi shika uwiano, kisha utafute logi yake. Hata ukiugeuza juu chini, kinachobadilika ni alama tu.

Katika programu ya R, kifurushi cha compositions kina amri ya clr, inayogawa kila sehemu kwa wastani wa kijiometri kabla ya kutafuta logi. Udongo wetu unatoa 0.828, 0.135 na -0.963. Jumla ni sifuri, kwa hiyo namba tatu zimebeba habari za mbili tu.

Mwaka 2003 Juan José Egozcue, Vera Pawlowsky-Glahn na wenzao walitoa mbinu ya ilr, na hii ndiyo naihusudu kuliko zote. Mchambuzi huamua kwanza nini kipimwe dhidi ya nini: mchanga dhidi ya chembe laini (tope na mfinyanzi), halafu tope dhidi ya mfinyanzi. Zinabaki namba mbili, 1.01 na 0.78, na umbali kati ya sampuli haupotei. Ujuzi wa udongo umeingia kabla ya hesabu, na amri ya ilrInv hukurudisha kwenye asilimia zako salama.

Sifuri ndiyo inayodai subira, maana logi yake haipo. Kama chembe zipo ila kipimo hakikuziona, kifurushi cha zCompositions huweka thamani ndogo chini ya kikomo cha kipimo na kulinda uwiano wa sehemu nyingine. Kama kweli hazimo, mchambuzi hajazi kitu. Sampuli hizo huzitenga, akazichambua kivyake.