Uyoga Huota Juu ya Kichuguu

Sijapata kumsikia mtu wa Lalago akisema kwamba anaupenda wimbo wa "Jambo Bwana", wala sijapata kumwona mtu wa huku asiyeufahamu. Watoto wanauimba, makondakta wa mabasi ya Shinyanga na Bariadi wanaupigia mluzi, na ukimuuliza mtu ni wimbo wa nani atakujibu kwamba ni wimbo wa watalii. Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wimbo huo hauwezi kuwa wa watalii, kwa sababu mtalii hakuutunga, yeye aliimbiwa. Aliyeutunga ana jina lake, na kundi lililouimba kwanza lina jina lake. Historia ya kundi hilo inatukumbusha jambo ambalo sisi Wasukuma tulilijua tangu enzi za mababu, na ambalo sasa tunaanza kulisahau.

Kundi ninalolisema ni Them Mushrooms wa Mombasa, yaani uyoga, na baadaye walijiita hivyo hivyo kwa Kiswahili: Uyoga. Msingi wake ulikuwa ndugu wa familia moja, akina Harrison, na jina la Them Mushrooms wamekuwa nalo tangu mwaka 1972. Walipiga katika hoteli za pwani ya Kenya mbele ya wageni waliokuja kuota jua, na mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", wimbo uliotungwa na mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison.

Tuupime wimbo wenyewe kwa haki. Ni mfupi. Sauti yake haipandi mno wala haishuki mno, kiasi kwamba hata mtu asiyejua kuimba anaweza kuufuata. Mmoja anaanza, wenzake wanapokea, kama ilivyo katika ngoma zetu zote. Maneno yake ni ya mlangoni: salamu, kuulizana hali, kumkaribisha mgeni na kumtoa wasiwasi. Kila mstari ni mdogo, hivyo mtu aliyeshuka jana kutoka Ulaya anaweza leo jioni kuimba pamoja na wapigaji. Na zile sauti za ndugu zinaingiana vizuri, kwa namna ambayo watu waliokutana ukubwani huisaka kwa mazoezi ya miaka. Anayedhani kwamba wimbo rahisi namna hiyo ni rahisi kuutunga, na ajaribu kutunga mmoja.

Hata hivyo wimbo huu una upungufu, na upungufu wake ni wa mlango. Unasalimu bila kungoja jibu. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatusalimiani kwa neno "jambo" likiwa peke yake. Tunasema hujambo, na tunajibiwa sijambo. Na ukifika Lalago asubuhi ukaamkiwa "mwangaluka", ujue hapo ndipo mazungumzo yanapoanza: utaulizwa ulikotoka, watu wa huko wameamkaje, mvua imenyesha au haijanyesha, ng'ombe wana nini. Salamu ya Kisukuma humwingiza mtu ndani mpaka penye kigoda. Salamu ya "Jambo Bwana" inamwacha mgeni barazani na kinywaji chake, akiwa na furaha, lakini hajaingia. Siwalaumu watunzi kwa hilo. Walijua waliokuwa mbele yao ni nani na watakaa siku ngapi.

Sasa tuone wimbo ulikokwenda. Bendi nyingine za pwani, kama vile Mombasa Roots na Safari Sound Band, nazo ziliupiga kwa namna zao. Mwaka 1983 ulichukuliwa na Boney M, kundi lililotengenezwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, lenye waimbaji waliotoka visiwa vya Karibi. Boney M walikuwa hodari wa kuvuna. "Rivers of Babylon", uliowapa sifa kubwa mwaka 1978, ulikuwa umeimbwa kwanza mwaka 1970 na The Melodians wa Jamaika. Mwaka 1981 walikuwa wameimba "Malaika" ya kwetu Afrika Mashariki. Basi "Jambo Bwana" ukaingia katika kapu hilo hilo. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ilikuja na wimbo mwingine kabisa, uliotungwa na Elton John na Tim Rice, wenye maneno "hakuna matata". Tangu hapo watu wengi huchanganya wimbo huu na ule, na kwa sababu hiyo husema kwamba wote ni wa watalii, au wa wote, maana yake si wa mtu.

Msomaji anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Nitamjibu kwa mfano wa mbali kidogo, kutoka Marekani na Afrika Kusini, kwa kuwa huko mambo yaliandikwa na kufikishwa mpaka mahakamani.

Mwaka 1939 mjini Johannesburg, Mzulu aitwaye Solomon Linda aliingia studio na kundi lake, Original Evening Birds, akaimba "Mbube", yaani simba. Santuri hiyo ilifika New York mikononi mwa The Weavers, kundi la watu wanne lililoanzishwa mwaka 1948: Pete Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman. Hawa walikuwa mabingwa wa kuzichukua nyimbo za wakulima, wafungwa na mabaharia na kuziimba kwa sauti nne tamu mpaka zikapendwa mijini. Seeger hakulisikia vizuri neno la Kizulu, akaimba "Wimoweh", na wimbo ukapendwa mwaka 1952. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa tena kwa maneno mapya ya Kiingereza, na dunia nzima ikauimba. Linda akafa maskini mwaka 1962.

Kitu kinachonisumbua katika kisa hicho, kuliko hata fedha, ni jina. Kwenye "Wimoweh" mahali pa mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni ambalo The Weavers na wachapishaji wao walilitumia kwa nyimbo walizodhani hazina mwenyewe. Seeger alikuwa mtu mwema. Alipojua kwamba Linda yupo, aliagiza apelekewe fedha. Lakini lile jina la mtu asiyekuwapo lilikuwa limekwisha kukaa kwenye kiti cha mtu aliyekuwapo. Ilipofika mwaka 2006 ndipo warithi wa Linda walipoafikiana na waliokuwa na haki za wimbo, wakaanza kutambuliwa. Miaka 67 ilikuwa imepita tangu siku ile ya studio.

Na sisi tuna kesi yetu isiyokwisha. "Malaika" unajulikana kwa jina la Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaupeleka mbali mwaka 1965. Lakini Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, tena mwaka 1945, na wengine pia wametajwa. Wazee wamefariki, na ubishi umebaki. Wimbo wa mapenzi wa kijana asiye na mahari umekuwa wimbo wenye baba wengi, na kila baba ana mashahidi wake.

Nasema sisi Wasukuma tulijua dawa ya maradhi haya. Katika mbina, yaani mashindano yetu ya ngoma baada ya mavuno, mtunzi huitwa ningi, ambaye kwa Kiswahili ni manju. Husimuliwa kwamba vyama vyetu viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vinatokana na manju wawili walioshindana katika karne ya 19, Ngika na Gumha. Mpaka leo watu hujiita kwa majina yao. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji hukimbilia upande unaowavutia. Wenye watu wengi ndio washindi. Katika vita kama hivyo ningi hawezi kujificha. Hujitaja ndani ya wimbo: jina lake, jina la mzazi wake, na kijiji alikotoka. Jina limeshonwa ndani ya nguo, na ukitaka kulitoa huna budi kuichana. Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma, aliwatafuta watunzi na kuwataja. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu nyimbo zenyewe zilimsaidia.

Lakini nguo huchanwa. Mjomba wangu alikuwa ningi, na wimbo wake mmoja wa kulima ulipendwa kuanzia Lalago mpaka Mwanhuzi. Miaka mingi baadaye kikundi kimoja cha utamaduni, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kiliuimba katika sherehe, na ukarushwa redioni. Mtangazaji alisema ni wimbo wa asili wa Kisukuma. Mjomba alikuwa hai, tumekaa naye. Hakugomba. Alisema tu kwamba wameruka ubeti wa tatu. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa na jina lake.

Nathubutu kusema kwamba maneno haya matatu, "wimbo wa asili", ndiyo Paul Campbell wetu. Tunayatamka kwa heshima, tukidhani tunalisifu kabila zima, kumbe tunamfuta mtu mmoja. Asili haikai chini ya mti ikatafuta vina. Anayekaa ni mtu, naye ana njaa na wivu, ana mke anayemsubiri, na anataka watu wajue kwamba ni yeye.

Ndiyo maana nikitaka kuwapima Them Mushrooms siwapimi kwa "Jambo Bwana" na safari zake. Nawapima kwa kitu walichokifanya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho wapigaji mluzi wetu hawakijui. Alikuwapo mzee Fundi Konde, mwanamuziki wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924, aliyewatumbuiza askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarekodi Nairobi nyimbo kama "Tausi Ndege Wangu", kisha akanyamaza miaka mingi. Ingekuwa rahisi vijana wale kuzichukua nyimbo zake, kuzipaka rangi mpya na kuziita zilizopendwa. Wao walimfuata mwenyewe. Wakamwingiza studio akiwa na gitaa lake na sauti yake ya uzee, wakampigia muziki wao, na wakaliweka jina lake mbele ambapo kila mnunuzi wa kanda alilisoma. Alipofariki mwaka 2000, kizazi kilichokuwa hakijazaliwa wakati wa santuri zake za kwanza kilikuwa kinamjua. Walishirikiana pia na Malika, mwimbaji wa taarabu, naye akabaki kuwa Malika.

Ukizisikiliza nyimbo zile walizopiga na mzee, utasikia jinsi vijana wanavyojizuia. Ngoma na kinanda havimsukumi, na sauti za kuitikia zinakuja nyuma yake kidogo, kama wajukuu wanaotembea na babu njiani. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa kuliko wa kuwafanya watu 200 wa hotelini waimbe pamoja.

Huku kwetu uyoga mzuri huota juu ya kichuguu baada ya mvua. Anayeuona husifu uyoga, nao unastahili sifa, lakini chini yake wako mchwa waliojenga. Kila kundi linaloimba nyimbo za watu huota namna hiyo. The Weavers waliota juu ya Linda bila kumwona, na Boney M waliota juu ya vichuguu vya nusu ya dunia. Them Mushrooms nao waliota juu ya wazee wa pwani, ila wao waliinama wakatazama chini.

Najua yuko atakayesema kwamba nyimbo hukua kwa kuombwa na kuazimwa, na kwamba hata mjomba wangu alichukua sauti za wengine. Ni kweli, alichukua. Lakini katika mbina aliyechukua sauti ya mwenzake alitaja alikoichukua, mara nyingine kwa kumsifu na mara nyingine kwa kumkejeli, na kejeli hiyo nayo ilikuwa kumbukumbu. Hakuna anayedai wimbo ufungiwe zizini. Uende utakako, ubadilishwe maneno na ala, uimbwe Berlin na Tokyo, ila uende na jina la aliyeutunga.

Nawaomba basi watangazaji, walimu wa kwaya na viongozi wa vikundi vya ngoma katika mkoa huu wa Simiyu: kabla ya kusema "wimbo wa asili", ulizeni. Wazee wanaojua bado wapo Lalago, Maswa na Bariadi, ingawa kila mwaka wanapungua. Na mkiujua ubeti wa jina, msiuruke.