Kamera Ikirudi Nyuma

Novemba 2021, wakati wa mkutano wa tabianchi wa COP26 kule Glasgow, Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, alituma hotuba ya video. Inaanza kama taarifa yoyote ya serikali: suti, tai, bendera. Kisha kamera inarudi nyuma na unaona jamaa yumo baharini, maji magotini, suruali ameikunja. Watu wakaishea dunia nzima.

Ni picha kali, sikatai. Lakini bahari haimezi Tuvalu hivyo. Visiwa vile ni vya matumbawe, mwamba wenye matundu. Siku za bamvua kubwa, maji huchipuka kutoka chini, katikati ya makazi. Chumvi huingia kwenye mashimo ya pulaka, zao linalofanana na magimbi, yaliyochimbwa hadi kwenye maji matamu. Chakula kinakufa kabla nyumba haijalowa. Hilo halina drama, kwa hivyo halimo kwenye video.

Kwani shida iko wapi? Ukimwona mtu anazama, unasema, "Poleni, si muhame tu." Ukiona shimo la pulaka lililooza, unauliza watu hawa watakula nini mwaka huu. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Video ya COP27, mwaka 2022, ndiyo naipenda. Kofe amesimama ufukweni, safari hii mkavu, akitangaza kwamba Tuvalu itajinakili kidijitali. Kamera inarudi nyuma tena, na mchanga unaishia gizani: kisiwa chenyewe ni cha kompyuta. Mbinu ni ileile, ila sasa kinachokosekana ni ardhi, na swali linauma. Nchi bila ardhi bado ni nchi?

Mwaka 2023 Tuvalu ilijibu kwenye katiba yake: ndiyo, milele, hata bahari ikiimeza ardhi. Mwaka huohuo ikasaini mkataba na Australia, wenye nafasi 280 za kuhamia huko kila mwaka. Watu wa Tuvalu ni kama 11,000. Piga hesabu: haifiki miaka 40, nafasi zinatosha kila mtu.

Ndiyo maana bado nangoja video ya tatu. Hiyo kamera isirudi nyuma. Iiname tu, imwonyeshe mama mmoja akionja maji ya shimo lake la pulaka.