Kikwembe cha Mwindo?

Kila tunapozungumza juu ya mila zetu, kuna wazo moja linalorudi: Waskoti wana tartani, kile kitambaa cha miraba, kila ukoo na rangi zake, mbona sisi wa Kalembe tusichapishe kikwembe cha kila kabila, na kingine cha shujaa wetu Mwindo? Wazo ni tamu. Lakini tulichunguze kwanza.

Huko Uskoti kwenyewe mambo si kama yanavyosimuliwa. Baada ya vita vya Culloden, sheria ya 1746 ilikataza wanaume kuvaa nguo za milimani, na ilifutwa 1782 tu. Mwaka 1822 mfalme George IV alipotembelea Edinburgh, mpangaji wa sherehe alikuwa Walter Scott, mtungaji wa riwaya ya Rob Roy, naye akawataka wakubwa waje na tartani za koo zao. Wenye viwanda walifurahi! Tartani ya Macpherson, kwa mfano, zamani ilikuwa namba 155. Halafu ikaitwa Kidd, jina la mnunuzi aliyewavisha watumwa wake. Ndipo ikawa ya ukoo. Leo hata Macbeth, aliyekufa 1057, ana tartani yake madukani.

Je, tuwacheke? Hapana. Hapa kwetu pia jina la kikwembe halitoki kwa mababu. Vlisco ya Uholanzi inapiga michoro yake namba, na wamama wa soko ndio wanaoipa majina: kuna hata mkoba wa Michelle Obama. Majina ya namna hiyo yanakaa, kwa sababu hakuna aliyelazimishwa.

Kitambaa cha serikali ni habari nyingine. Wakubwa kwa umri wanakumbuka wacheza ngoma wa MPR, sura ya Mobutu kifuani na mgongoni. Mei 1997 alipokimbia, nani aliendelea kujipamba nacho? Ghana walikuwa na kente iliyosifu ndoa ya Nkrumah na Fathia. Alipopinduliwa 1966, ikapewa jina lenye maana kwamba mtu mmoja hatawali nchi. Nyuzi zilezile.

Sasa turudi Kalembe, hapa mpakani mwa Masisi na Walikale. Kikwembe cha kabila ni kitambulisho kinachoonekana toka mbali, kabla mtu hajasalimia. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, hapo Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Watu walitafutwa kwa kabila lao. Tuwavalishe tena wenyewe alama ya kuwatafutia? Kusema kweli, hilo linatutisha kuliko uongo wowote wa Waskoti.

Na Mwindo? Utenzi alioutoa Candi Rureke, ukaandikwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene na kuchapwa 1969, unamtambulisha kwa vitu alivyozaliwa navyo: conga, ule usinga wa mkia wa nyati, tezo, na mfuko wa Kahombo. Baba yake Shemwindo alitaka kumwua. Mwishoni Mwindo alimsamehe. Huyo si mtu wa kufungiwa ndani ya rangi za kabila moja.

Kama lazima kikwembe kichapwe, tunaomba kiwe na conga juu yake, na kiuzwe kwa yeyote bila kumuuliza anatoka wapi. Jina watalitoa wamama wa soko, na pengine halitakuwa Mwindo hata kidogo.