Meza ya Mafiga na Baa ya Vitabuni

Katika fasihi yetu ya Kiswahili, baa ni mahali pa kuangukia. Mhusika akiingia tu, msomaji anajua mshahara umekwisha na ndoa inayumba. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alituchorea Zakaria, baba mlevi anayempiga mkewe Regina. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa shuleni, kisha ikarudi darasani, na wengi wetu tukaisoma kwa ajili ya mtihani: eleza madhara ya ulevi, toa hoja. Sina ugomvi na Kezilahabi. Zakaria ni mtu wa kweli, kila mtaa unaye. Ugomvi wangu ni na sisi tuliomsoma, kwa sababu zaidi ya miaka 50 baadaye bado tunaandika baa ileile.

Tukichoka kuonya, tunakumbuka. Morogoro ni mji wa dansi, na ukiomba makala kuhusu starehe zake utaletewa Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wanastahili. Lakini Salum alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, wote kwa ajali za barabarani, na makala nyingi huishia kuwa tanzia. Maonyo yana chupa, kumbukumbu zina gitaa. Chakula hakipo.

Sasa pita Mafiga jioni ya Jumapili, Uluguru ikianza kupotea gizani. Kwenye baa ya mtaa, viti vya plastiki, runinga inaonyesha mpira, na meza mbili zimeunganishwa kwa ajili ya familia moja. Bibi ana soda. Watoto wanagombea kiti cha pembeni. Baba yuko kwenye jiko la mkaa, maana nyama ya baa huiagizi tu ukiwa umekaa: unaichagua, inapimwa kilo mbele yako, kisha unasubiri hadi njaa ianze kukutukana. Mhudumu anapita na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, akianza na bibi.

Yanaletwa masinia mawili. Moja ni la kitimoto, linawekwa upande wa bibi. La pili ni la mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari, linawekwa mbele ya mume wa shangazi, ambaye ni Mwislamu. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu kuvumiliana. Kuna nafasi tu kati ya sinia na sinia, na kila mkono unajua mpaka wake. Mwandishi anayehesabu chupa peke yake hataiona nafasi hiyo, na ndani yake mna mambo mengi kuhusu mji huu kuliko semina nzima.

Hata hivyo, tukiacha kuhukumu tusiishie kuandika tangazo la biashara. Mafiga ni mawe ya kuinjikia chungu, na wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Katika nyumba nyingi mawe yote matatu hubebwa na mwanamke mmoja. Kwa hiyo kwa mama, jioni hii ina maana nyepesi kabisa: hakuwasha mkaa, hataosha masufuria. Lakini kazi ile haikuyeyuka. Imehamia kwa msichana mwenye jagi, ambaye huenda ana umri wa mpwa wao aliye chuoni, na ambaye meza ya jirani humshika mkono kila anapopita. Watoto wanaona. Wanaona pia kuwa anayelipa bili kwa simu ndiye aliyechagua nyama, na ndiye atakayesema saa ya kuondoka.

Mama naye hajapumzika kabisa. Anahesabu chupa kimoyomoyo, maana kesho kuna nauli za shule. Baba anapoinua mkono tena, bibi anauliza kwa upole, "Hiyo ya ngapi, mwanangu?"

"Ya mwisho, mama."

Mkono unashuka. Nyumbani kwa Zakaria swali kama hilo lingeweza kuleta kipigo. Hapa linaulizwa mbele za watu, na mama mzazi, katikati ya chakula, na linajibiwa. Simaanishi kwamba familia ikihamia baa ulevi unapona. Kuna baba ambaye angeagiza nyingine na kumkaripia mama yake, na watoto wakajifunza hilo badala ya lile. Ninachosema ni kwamba pambano lenyewe linafanyika mezani, mbele ya sinia, wakati sisi waandishi tunamsubiri mlevi njiani akirudi peke yake usiku.

Ndiyo maana naomba makala mpya za baa kutoka kwa wenzangu wanaoandika maisha halisi. Hesabuni chupa, hilo halikwepeki. Kwenye kila chupa kuna onyo linalotaja miaka 18, na mtoto anayejua kusoma anaweza kulisoma akinywa soda yake. Lakini andikeni pia nani alinawishwa kwanza, nani aliuliza na nani alijibu. Na mulizeni yule msichana mwenye jagi, kwa kuwa hakuna riwaya niliyoisoma iliyomuuliza: yeye anakula saa ngapi?